Kauli "dawa ya kupunguza damu" yaweza kumponza mgonjwa

Mapema mwaka huu dada yangu mkubwa, yule aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, aliruhusiwa kutoka hospitalini mguu wake wa kushoto ukiwa bado umefura. Madaktari walikuwa wamegundua bonge la damu katika mshipa wa paja. Walimdunga sindano za tumboni kwa siku kadhaa, kisha wakamkabidhi pakiti ya vidonge vidogo. Muuguzi akamwambia kwa Kiswahili, tena kwa upole: "Mama, hii ni dawa ya kupunguza damu. Umeze kimoja kila jioni, saa ile ile."

Dada akaitikia, akashukuru, akaenda nyumbani.

Sasa hebu jiulize, msomaji mpendwa, mwanamke anayekaribia miaka sabini na aliyezaa watoto sita husikia nini anapoambiwa kwamba damu yake itapunguzwa. Tangu ujana wake, kila alipokwenda kliniki akiwa mjamzito aliimbiwa wimbo mmoja: damu yako ni kidogo, ongeza damu. Amewahi kuona jirani akiaga dunia kwa kukosa damu ya kuongezwa. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, mtu "hana damu" au "ameongezwa damu". Kupungukiwa na damu ni ugonjwa. Leo anaambiwa kuna dawa ya kuleta jambo lilo hilo!

Kwa kuwa ni mtii, alimeza dawa. Na kwa kuwa ni mtu mwenye akili zake, akatafuta namna ya kurudisha kile alichodhani kinapunguzwa. Alikula managu, terere, mchicha na sukuma wiki, asubuhi na jioni, sahani ikifurika. Majirani walimletea na majani ya kunde. Alipokwenda kupimwa baada ya wiki mbili, kipimo kilionyesha kana kwamba hajawahi kumeza kidonge hata kimoja. "Mama, dawa unameza kweli?" daktari kijana akamuuliza. Swali lile lilimuudhi hadi leo. Kipimo cha dawa kikapandishwa.

Mwezi uliofuata alikwenda Nairobi kukaa na mwanawe. Huko mboga zilipungua, chapati na kuku vikaongezeka. Goti likamuuma, mjukuu akamnunulia dukani vidonge vya maumivu, vya ile aina yenye aspirini. Haikupita wiki mbili fizi zikaanza kutoka damu kila anapopiga mswaki, na pajani kukatokea baka jeusi pana kama ramani ya nchi, ilhali hakuwa ameanguka wala kugongwa. Kipimo kile kilichokuwa chini mno sasa kilikuwa juu kupita kiasi. Ndipo nilipopigiwa simu, maana mimi ndiye "daktari" wa ukoo, ijapokuwa udaktari wangu ni wa sintaksia na hauwezi kutibu hata mafua.

Nilifanya ninachojua kufanya: nikasoma, na nikawasumbua wenzangu wa kitivo cha tiba kwa maswali hadi wakaanza kunikwepa kwenye korido. Ninayoyaandika leo ni matokeo ya usumbufu huo.

Tuanze na neno lenyewe, ganda. Maziwa huganda yakawa mala. Mafuta ya kupikia huganda asubuhi yenye baridi. Maji huganda yakawa barafu, na mtu aliyeona jambo la kutisha huganda pale mlangoni. Hali hizi zote zinatufanya tufikiri kwamba damu nayo huganda kwa kupoa au kwa kukaa. Sivyo. Kuganda kwa damu ni kazi ya ujenzi, na ina mafundi na vifaa vyake. Anayeijua nyumba ya kukandika ataielewa haraka. Ukuta wa namna hiyo una vitu viwili, fito na udongo. Fito peke yake hupitisha upepo. Udongo bila fito husimama siku mbili ukaporomoka.

Udongo wa damu ni chembe ndogo ambazo vitabu vingine huziita chembe sahani, vingine vigandisha damu. Mimi napendelea chembe sahani, kwa sababu zikiwa zimetulia huwa bapa kama visahani, na pia kwa sababu, kama tutakavyoona, si hizo pekee zinazogandisha damu. Katika mikrolita moja ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000. Si seli kamili. Ni vipande vilivyomeguka kutoka kwa seli kubwa zinazokaa ndani ya uboho wa mifupa. Huishi siku saba hadi kumi tu, na hazina kiini. Jambo hilo la kutokuwa na kiini liweke akilini, tutalirudia.

Mbona basi chembe zote hizi zinazunguka mwilini usiku na mchana bila kushikana? Kwa sababu mshipa wenyewe unazizuia. Utando unaouzunguka mshipa kwa ndani hutoa molekuli za kutuliza. Miongoni mwazo ni prostasiklini na gesi ya oksidi ya nitriki. Kila chembe inayokaribia ukuta hupewa ujumbe mmoja: pita, hapa hapana kazi.

Siku kisu kinapokukata jikoni, utando ule huraruka, na chini yake kunajitokeza kolajeni, uzi mgumu ambao damu haikutakiwa kuuona. Chembe sahani zikigusa kolajeni hubadilika papo hapo. Usahani hupotea, zikaota miiba kama mbigili na kung'ang'ania hapo hapo. Kisha hutoa molekuli za kuita wenzao, na yenye sauti kubwa miongoni mwa hizo inaitwa thromboksani. Zilizo jirani huitikia mwito, nazo zikaota miiba na kuita nyingine. Kwa dakika chache tundu limezibwa kwa udongo.

Fito huja kwa njia nyingine. Ndani ya maji ya damu mna protini zinazotengenezwa na ini, zinazosafiri zikiwa zimelala. Jeraha likitokea, moja huamsha ya pili, ya pili ikaamsha ya tatu, hadi inapoamka iitwayo thrombini. Hii ndiyo inayoikata protini nyingine, fibrinojeni, ikawa nyuzi za fibrini zinazojisuka juu ya zile chembe. Basi ukuta umekamilika. Siku chache baadaye, jeraha likipona, molekuli nyingine, plasmini, huja kuubomoa.

Hatari ni kwamba ukuta huu unaweza kujengwa pasipotakiwa. Ukijengwa ndani ya mshipa wa moyo, mtu hupata mshtuko wa moyo. Kwenye mshipa wa ubongo unaleta kiharusi. Ukijengwa mguuni, kama kwa dada, kipande kinaweza kumeguka kikasafiri hadi mapafuni na kumuua mtu katikati ya mazungumzo. Kwa hiyo dawa ya dada haikuwa ya mzaha.

Kinachonishangaza ni kwamba molekuli nyingi tunazotumia kuzuia ujenzi huu hazikubuniwa na mtu. Zilikuwako majanini, kwenye meno ya nyoka na ndani ya miili yetu wenyewe.

Chukua thromboksani na prostasiklini. Ya kwanza inaziita chembe zikusanyike, ya pili inazitawanya. Zote mbili hutokana na mafuta ya aina moja mwilini, asidi ya arakidoni. Ni ndugu wa tumbo moja waliokosana. Kundi la Bengt Samuelsson nchini Uswidi liliielezea thromboksani mwaka 1975. Mwaka uliofuata, kundi la John Vane nchini Uingereza likaigundua prostasiklini. Mwaka 1982 wawili hao, pamoja na Sune Bergström, walipewa Tuzo ya Nobel.

Vane alikuwa amekwisha kueleza, mwaka 1971, aspirini inafanya nini hasa. Asili ya dawa hiyo ni mti uitwao willow, ambao magome yake kasisi mmoja Mwingereza, Edward Stone, aliripoti mwaka 1763 kwamba hutuliza homa. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer aliibadilisha molekuli ya jamii hiyo kidogo, ikawa aspirini tuijuayo. Aspirini hukifunga kabisa kimeng'enya kinachotengeneza thromboksani. Hapa ndipo lile suala la kiini linapoingia. Seli ya kawaida ikifungiwa kimeng'enya hutengeneza kingine, kwa kuwa maelekezo ya kukitengeneza yamo katika kiini chake. Chembe sahani haina kiini. Ikishafungwa leo, imefungwa hadi kufa kwake. Ndiyo sababu kidonge kimoja cha aspirini alichopewa dada na mjukuu kilikuwa na athari ya siku kadhaa, hata baada ya goti kusahaulika.

Niongeze neno hapa, maana najua wapo watakaosema: basi tuchemshe magome, tuachane na vidonge. Ile sehemu ndogo aliyoiongeza Hoffmann ndiyo hasa inayozifunga chembe sahani. Gome la willow hutuliza maumivu lakini kwa chembe hizo halifanyi kazi kama ya aspirini. Kitu kuwa cha asili si hoja, wala kutengenezwa maabara si hoja. Tuulize molekuli gani, kiasi gani, na inagusa nini.

Swali hilo hilo tuulize kuhusu kitunguu saumu, ambacho siku hizi husifiwa katika kila kikundi cha WhatsApp. Ni kweli kina molekuli zenye salfa, mojawapo ikiitwa ajoini, ambazo huzuia chembe sahani kushikana. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi huo umetoka kwenye mirija ya maabara, ambako molekuli humwagwa juu ya chembe moja kwa moja. Punje mbili kwenye mchuzi wa maharagwe ni habari nyingine. Vidonge vya kitunguu saumu vilivyokolezwa ndivyo vya kuangaliwa, na daktari wa upasuaji akikuuliza kama unavitumia, usimfiche ukidhani ni "chakula tu". Tangawizi na manjano nazo zina hadithi ya namna hiyo hiyo. Samaki ana hoja yenye nguvu zaidi. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walichunguza Wainuit wa Greenland waliokula samaki na nyama ya sili kwa wingi, wakaona kwamba wakikatwa damu yao hukawia kukata. Mafuta ya samaki hao huchukua nafasi ya asidi ya arakidoni, na thromboksani inayotokana nayo huwa na sauti dhaifu. Huita wenzake lakini hawasikii.

Tumgeukie ruba. Kiswahili kinamjua vyema, ndiyo maana tunasema mtu ameng'ang'ania kama ruba. Anayefyonza damu kwa nusu saa lazima awe na njia ya kuizuia isigande mdomoni mwake. Mwaka 1884 John Haycraft alionyesha kwamba mate ya ruba yana kitu kinachozuia kuganda. Leo kitu hicho kinaitwa hirudini, nacho huikamata thrombini na kuifunga kabisa. Wazee wa pwani nao walifyonza damu, ila kwa pembe, iliyoitwa chuku. Wanafunzi wangu hushangaa nikiwaambia kwamba "kupiga chuku" tunakokufundisha katika tamathali za usemi ni neno moja na lile la pembe ya kuumikia. Namna maana moja ilivyozaa nyingine ni mada ya siku nyingine.

Nyoka ndiye fundi hatari kuliko wote. Katika maeneo makavu ya kaskazini mwa nchi yetu, kutoka Baringo hadi Turkana, yupo nyoka mdogo wa jamii ya piri ambaye wanasayansi humwita Echis. Akikasirika hujisugua magamba yakatoa sauti kama ya mafuta yanayochemka kikaangoni. Sumu yake haizuii damu kuganda, bali huiamrisha igande! Huziamsha protini zile zilizolala, zikaanza kujenga ovyo kila mahali, mpaka fito zote zikaisha. Saa chache baadaye aliyeumwa huvuja damu kwenye fizi na kwenye kila kidonda, kwa kuwa ghala ni tupu. Kituo cha afya kisicho na maabara kinaweza kulibaini jambo hili kwa kichupa kikavu na safi cha kioo: unatia damu mbichi kidogo, unaiacha imetulia dakika 20, kisha unakiinamisha kichupa. Damu ikimwagika kama maji, mgonjwa anahitaji dawa ya sumu ya nyoka bila kuchelewa.

Na bado katika sumu ya ndugu yake wa Asia, Echis carinatus, watafiti walikuta molekuli inayozinyima chembe sahani mahali pa kushikania. Walipoiiga wakapata dawa iitwayo tirofibani, ambayo hutumiwa hospitalini kwa wagonjwa wa moyo. Zile sindano alizodungwa dada tumboni nazo zina asili ya mnyama. Ni heparini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1916 katika ini la mbwa, na ambayo leo kwa kawaida hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe.

Lakini nimezunguka mbali na sahani ya managu. Turudi.

Katika miaka ya 1930 Mdenmark mwingine, Henrik Dam, alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta yote. Vifaranga wale walianza kuvuja damu, na damu yao ikakawia kuganda. Dam aligundua kwamba kuna kirutubisho walichonyimwa, akakiita vitamini K, kutokana na herufi ya kwanza ya neno la lugha yao lenye maana ya kuganda. Mwaka 1943 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Doisy wa Marekani. Ini huitumia vitamini hiyo kumalizia baadhi ya zile protini zilizolala. Bila vitamini K protini hutoka ini zikiwa hazina kucha. Hazishiki kalsiamu, na bila kalsiamu haziwezi kutua juu ya chembe sahani ili kazi ianze. Mtoto mchanga huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini hii, ndiyo maana hudungwa sindano yake mara tu anapozaliwa. Wazazi wanaoikataa sindano hiyo wakidhani ni chanjo ya siri waelezwe taratibu: hiyo ni vitamini ya mboga.

Naam, ya mboga, kwa kuwa vitamini K hukaa katika majani mabichi, na kadiri jani linavyokolea kijani ndivyo inavyozidi. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 90 kwa siku akiwa mwanamke na 120 akiwa mwanamume. Gramu 100 za sukuma wiki zina mara kadhaa ya kiasi hicho. Kiazisukari, ambacho wengi hukinywa kama juisi "ya kuongeza damu", karibu hakina vitamini K kwenye mzizi, lakini majani yake yamejaa tele.

Dawa ya dada nayo ilitoka malishoni. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakifa kwa kuvuja damu. Akikatwa pembe tu, fahali mzima alikufa. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba chanzo kilikuwa nyasi kavu za aina ya klova zilizoota ukungu ghalani. Mwaka 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima mmoja aliendesha gari mwendo mrefu hadi Chuo Kikuu cha Wisconsin akiwa na ndama aliyekufa, rundo la nyasi hizo, na ndoo ya maziwa iliyojaa damu isiyoganda. Aliyempokea ni mwanakemia Karl Paul Link. Ilimchukua Link na wanafunzi wake miaka sita hivi kuipata molekuli yenyewe. Klova ina kumarini, kitu kisicho na madhara hayo chenye harufu nzuri ya nyasi zilizokatwa. Ukungu ndio huigeuza kuwa dikumaroli, na hiyo humnyima ng'ombe matumizi ya vitamini K. Ndugu yake mmoja akatengenezwa maabara na kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Akaitwa warfarini, jina lililotokana na herufi za kwanza za wakfu wa utafiti wa chuo hicho. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower alitibiwa nayo baada ya mshtuko wa moyo.

Hizo ndizo tembe ndogo za dada. Warfarini haigusi wingi wa damu. Huzuia mwili kuitumia tena vitamini K iliyokwisha kutumika, na hivyo ini hutoa protini nyingi zisizo na kucha. Daktari hupima athari yake kwa kipimo kiitwacho INR, kinacholinganisha muda wa damu kuganda na ule wa kawaida. Asiyemeza dawa husoma karibu 1. Mgonjwa kama dada hutakiwa awe kati ya 2 na 3. Akila mlima wa managu anamwaga vitamini K upande mmoja wa mizani, na tembe inashindwa. Daktari akiiongeza dawa ili ilingane na mlima, kisha mgonjwa ahamie Nairobi kwenye chapati, mizani huanguka upande wa pili. Ongeza aspirini ya goti juu yake. Sasa fito zimezuiwa na udongo umezuiwa. Kwa nini fizi zisivuje?

Kumbuka kwamba hakuna aliyemkataza mboga, wala hakupaswa kukatazwa. Ushauri wa wataalamu ni kula mboga kwa kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki, ili dawa ipimwe kwa mlo huo. Zipo dawa mpya zaidi zisizojali mboga, na kwa bonge la mguuni hutumiwa sana pale mfuko unaporuhusu. Hata hivyo, warfarini haijastaafu. Wenye vali za chuma moyoni hawana budi kuitumia. Na kwa wale ambao vali zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaowapata vijana wengi Afrika, na mapigo ya moyo yakavurugika, utafiti mkubwa wa nchi 24 uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini waliishi zaidi ya waliopewa mojawapo ya dawa mpya. Kwa hiyo mazungumzo kuhusu warfarini na sukuma wiki yataendelea katika kliniki zetu kwa miaka mingi, na kwa Kiswahili.

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu wa lugha wanisikilize. Kosa la muuguzi yule si lake. Kiingereza cha mtaani huziita hizi dawa za kuifanya damu iwe nyembamba, na hilo lenyewe ni uongo, kwa kuwa warfarini haiifanyi damu iwe maji zaidi. Uzito wake ni ule ule. Sisi tulichukua kosa lao, tukalitafsiri, na katika kulitafsiri tukaliongezea kosa letu: wembamba ukawa uchache. Wengine husema "dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi", na mgonjwa akafikiria uji uliozidi maji. Ilhali Kiswahili kina njia fupi na ya kweli: dawa ya kuzuia damu isigande. Aspirini nayo iitwe dawa ya kuzuia chembe zisishikane. Na badala ya kumuuliza mgonjwa kama ana "alama za hatari", aulizwe kama damu imevilia popote. Kuvilia ni kule damu kukusanyika chini ya ngozi ikaacha baka, kama lile la dada. Neno hilo halihitaji kamati, lipo kamusini, na mama wa Lamu au Mvita hulitumia mtoto wake akijigonga mlangoni.

Nimesikia hoja kwamba mgonjwa hahitaji istilahi, anahitaji kidonge. Nisamehewe, lakini kwa dawa ambayo kipimo chake hutegemea mtu amekula nini jana, maelezo ni nusu ya dawa.

Hospitalini walimsimamishia dada tembe kwa siku kadhaa, wakampa vitamini K kidogo ya kumeza, wakaanza upya kwa kipimo cha chini. Nilikwenda kumwona, nikaketi naye jikoni, nikamweleza habari za fito na udongo, na ng'ombe wa Wisconsin. Alisikiliza huku akichambua mboga. Kisha akauliza, "Kwa hiyo damu yangu haipunguzwi?"

"Haipunguzwi hata tone."

"Mbona basi hawakusema hivyo?"

Tulikubaliana kwamba atakula mboga kila siku, ukufi wake mmoja na si zaidi, awe kijijini au Nairobi. Kwamba goti likiuma atauliza kliniki kabla ya kumtuma mjukuu dukani. Na kwamba akiona damu imevilia atakwenda siku hiyo hiyo. Aliyaandika kwenye kijitabu cha chama, nyuma ya hesabu za michango. Wiki iliyopita alinipigia simu kunisomea matokeo, nukta na yote: 2.4.